Njia Iliyotujulia Hali

Wewe ulikiruka. Usigeuze uso, nasema na wewe. Kile kigae cha kona ya Mtaa wa Kichangani, mbele ya duka la Kombo, ulikijua kuliko unavyolijua jina la jirani yako wa ukuta kwa ukuta. Ukifika pale ulikuwa unainua mguu, unakivuka, unaendelea na mazungumzo yako. Mtoto wako ulimfundisha: hapo ruka. Na siku Bi Zamoyoni alipoanguka ulisimama kidogo, ukasema "masikini," ukatazama saa yako ukaondoka.

Haya. Leo utakaa usikie yote.

Jiji la Tambarare lilikuwa na njia ya waenda kwa miguu ambayo wageni walivuka bahari kuja kuitazama. Iliitwa Njia Hai. Ilitandazwa mwaka uleule vibanda vya mama lishe vilipobomolewa, na wenye kumbukumbu wanajua kwamba matofali ya vibanda vile yalisagwa yakawa kokoto za chini yake. Kila kigae kilikuwa na ukubwa wa msala wa kuswalia, na ndani yake zilipita nyuzi nyembamba kama unywele, ziitwazo vihisi, zinazopokea uzito wa mguu. Mvua ikinyesha, vigae viliinama vyenyewe kuelekea mtaroni. Kiti cha magurudumu kikikaribia ngazi, vigae vilijipanga vikawa mteremko. Na kila alfajiri Njia ilijiosha. Kigae kilipinduka kama chapati kikaangoni, upande mchafu ukaenda chini kwenye brashi na maji, upande safi ukaja juu. Kabla ya kupinduka, kilisikiliza kwanza kama pana mguu wa mtu.

Kigae cha kona hakikusikiliza. Kihisi chake kilikuwa kimekufa, kikawa kinapinduka tu saa yake ikifika. Injini yake ilikuwa ndogo, watu wawili haikuwaweza. Mtu mmoja mwembamba iliweza kumwinua na kumtupa.

Njia yote ilisimamiwa na akili unde moja, Mtunza-Njia, na Mtunza-Njia alikuwa na sauti. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Zamani, mtu akianguka, sauti ile iliuliza kikavu: "Umeumia? Jibu ndiyo au hapana." Watu wa Tambarare walikasirika. Waliandamana mpaka ofisi za jiji, na miongoni mwao walikuwamo wazee ambao hawakuandamana hata siku vibanda vilipobomolewa. Mashine gani hii haina salamu? Unamwona mtu mzima yuko chini, unamrukia na maswali kama askari? Jiji likaitika haraka, maana adabu haikugharimu kitu. Mhandisi kijana aitwaye Tumsifu alipewa kazi, akaifundisha mashine kutambua umri kwa mwendo na sauti, akaifundisha shikamoo, hujambo, na pole ya kumalizia. Watu walipiga makofi. Kuna wazee waliokuwa wakipiga kishindo makusudi ili wasalimiwe.

"Hii sasa imelelewa," walisema.

Sheria ndogo ya fidia haikuguswa. Ilibaki inasema kwamba jibu la kwanza la mtu aliyeanguka ndilo Tamko lake la Hali. Na penye lango la jiji ukabaki ubao mkubwa wa mwanga: NJIA HAI. MAJERUHI TANGU KUZINDULIWA: HAKUNA.

Bi Zamoyoni alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa Kichangani, kwa miaka mingi, mkono wa mwisho kuwagusa ulikuwa wake. Kulikuwa na roboti la kuosha maiti pale hospitali kuu, la chuma cheupe, maji yake vuguvugu daima. Nani alilitaka? Watu walimfuata Bi Zamoyoni. Alipiga magoti kando ya maiti, akamwita kwa jina lake, akamwambia, "Nakuinua mkono sasa, mwenzangu," kana kwamba anamwogesha mzazi.

Siku ile aliitwa baada ya swala ya alfajiri. Mama mkwe wa jirani alikuwa amefariki. Alitoka na kikapu chake cha ukindu, ndani pamba na karafuu maiti, akatembea upesi kwa sababu maiti hacheleweshwi. Kombo, mwenye duka la kona, alikuwa akifungua mlango. Kila jioni Kombo alilaza tawi la mwarobaini juu ya kigae kile, kama madereva wanavyolaza matawi barabarani gari likiharibika, ili watu waone. Kila usiku roboti la kufagia lilipita likalizoa tawi.

"Bi Zamoyoni, hapo!" Kombo alipaza sauti.

Alikuwa amekwisha kukanyaga. Kigae kilipinduka. Mwanamke yule alitupwa ubavu, akatua kwenye kigae cha jirani, na kigae cha jirani, ambacho kilikuwa kizima, kikamhisi.

"Shikamoo, bibi," ilisema sauti ya kijana, taratibu, kutoka ardhini. "Hujambo?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Zamoyoni, shavu lake likiwa juu ya kigae. "Sijambo, nashukuru Mungu. Ila..."

"Asante, bibi. Pole, na siku njema."

Taa ndogo ya kijani iliwaka ukingoni mwa kigae, ikazimika. Shauri lilikuwa limefungwa.

Kombo alimwinua. Alimwambia arudi nyumbani.

"Nirudi na watu wana maiti ndani? Leo siku ya kusema mimi mguu unaniuma?"

Alikwenda. Alimwosha yule marehemu akiwa ameegemea ukuta, kwa sababu goti halikukubali kukunjika. Alimaliza, akanywa maji, akaomba wamshike mkono mpaka kwake. Tangu alipolala kitandani siku ile hakusimama tena kwa miguu yake.

Binti yake, Hadia, alikuwa fundi wa kushona mitandio, mwanamke wa maneno machache na jicho kali. Ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari aliwaonyesha picha ya mfupa uking'aa hewani.

"Umekatika hapa, shingoni mwa mfupa wa paja," alisema. "Damu haifiki kichwani mwa mfupa. Tunaweza kumwoteshea nyonga kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe, ikashika kama aliyozaliwa nayo. Lakini iwekwe kabla mfupa huu haujafa. Masika yakiisha, tumechelewa."

"Na gharama?"

"Walioanguka kwenye Njia Hai hutibiwa na jiji. Leteni tu kibali cha Baraza la Fidia."

Hadia alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa akiitazama ile picha kwa udadisi, kama kitu cha mtu mwingine.

"Mimi sitaki mali zao," alisema Bi Zamoyoni. "Nataka kupiga magoti tu. Nitaswali vipi? Nitawaosha vipi watu?"

Basi wakaenda kwenye Baraza. Si mara moja. Wenye kumbukumbu wanakumbuka milango ile, maana ndiyo waliyosimama mbele yake waliopigwa na nguzo za taa zilizoanguka, na waliounguzwa na mabomba ya mvuke, na mama lishe wenyewe na vyeti vyao vya vibanda. Wote waliambiwa wasubiri, na kusubiri kwao kulikwisha makaburini. Hadia alisubiri mpaka akapangiwa siku.

Asubuhi ya shauri alimvisha mama yake kanga safi, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu.

"Mama, sikiliza. Ile mashine ya Baraza husalimia kila anayetoa ushahidi. Ikikusalimia, usijibu sijambo. Sema naumwa."

"Mtu hata hatujasalimiana nimmwagie maradhi?"

"Si mtu, Mama. Ni mashine."

"Mashine kaamkia, mimi nimnyime marahaba? Mwanangu, mimi nililelewa wapi?"

"Mama, nakuomba."

"Haya, haya. Nimesikia."

Ukumbi wa Baraza ulikuwa baridi. Aliyesikiliza mashauri alikuwa akili unde iitwayo Msuluhishi, sauti isiyo na umbo, iliyopewa mafunzo yaleyale ya salamu aliyoyaandaa Tumsifu, na Mhandisi Tumsifu aliketi upande wa jiji kueleza mambo ya kitaalamu. Alikuwa mtu mpole, amevaa shati lililonyooka, na alipowaona akina Hadia aliinuka akaamkia. Hadia hakuitikia.

Kombo aliitwa kwanza. Alisalimiwa, akajibu, akasimulia.

"Ulijua kwamba kigae kina hitilafu?" aliuliza Msuluhishi.

"Mtaa mzima unajua."

"Ulitoa taarifa?"

"Niliweka tawi."

"Tawi si taarifa."

"Kwetu tawi ni taarifa!" Kombo alifoka. "Hata mbuzi wa Kichangani akiona tawi njiani anazunguka!"

Watu walicheka. Kicheko kilikatika Msuluhishi alipochezesha sauti iliyorekodiwa siku ile. Ukumbi ulisikia kishindo, kikapu kikimwagika, halafu shikamoo, halafu Bi Zamoyoni, waziwazi, bila kutetemeka: *Marahaba, mwanangu. Sijambo, nashukuru Mungu.* Hapo sauti ilikwisha.

"Kuna neno lilifuata," alisema Hadia. "Mama alisema ila. Kombo alimsikia. Tusikilizishe iliyobaki."

"Hakuna iliyobaki. Mtunza-Njia hufunga sikio jibu likipatikana, ili kuhifadhi nishati."

Hadia alimgeukia mhandisi. Tumsifu aliinamisha kichwa.

"Ndivyo ilivyo, dada," alisema.

"Basi na asikilizwe mwenyewe," alisema Msuluhishi. Hadia alisukuma kiti cha mama yake mpaka mbele. Sauti ya Msuluhishi ikalainika, ikawa ya kijana, kama ile ya Njia. "Shikamoo, Bi Zamoyoni. Hujambo?"

Midomo ya Bi Zamoyoni ilicheza. Alimtazama binti yake, akatazama juu, kwenye dari, ambako sauti ilitoka. Uso wake ulikuwa na jasho la maumivu ya safari. Aliikusanya kanga yake begani.

"Marahaba, baba. Sijambo."

"Mama!"

"Sasa ningemjibu nini, Hadia?" alisema kwa unyonge. "Amenisalimia."

Tumsifu alikuwa amesimama. Kwa wakati ule alisahau alikuwa wa upande gani.

"Msuluhishi, hii haiwezi kuwa tamko. Mtazame! Hii ni salamu. Hata aliyefiwa ukimwuliza habari atakwambia njema, kisha ndipo akuambie msiba. Njema ni mlango tu wa kuingilia. Mtu anasema njema, mnakaa, anapewa maji, halafu ndipo yanakuja ya moyoni."

"Mhandisi," alijibu Msuluhishi, "katika mafunzo yako uliniambia kwamba hujambo ni swali la hali, na sijambo ni jibu lake. Hukuniambia kusubiri baada yake. Nisubiri muda gani?"

Tumsifu hakuwa na muda wa kuutaja. Nani aliye nao? Wengine huja na ila yao kabla hawajakaa, wengine baada ya kikombe cha pili cha chai, wengine ukiwa umeshaaga na uko mlangoni unavaa viatu.

"Tamko limetolewa mara mbili," alisema Msuluhishi. "Dai limekataliwa. Rufaa itasikilizwa baada ya masika."

Siku chache baadaye Tumsifu alifika Kichangani na fungu la mapapai. Hadia alimwona dirishani.

"Umekuja kumtazama uliyemuua?"

"Dada Hadia, nimekuja kumjulia hali."

"Mwache mgeni aingie," ilisema sauti ya Bi Zamoyoni kutoka ndani. "Umekuwaje wewe, Hadia?"

Aliingia, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama. U hali gani?"

"Marahaba. Njema, baba. Watu wako wazima?"

"Wazima, mama."

Halafu mhandisi alinyamaza. Hadia alidhani ataaga, maana watu wa ofisini huaga upesi. Hakuaga. Alikaa, mikono magotini, akisikia cherehani ya jirani na kuku uani. Bi Zamoyoni aliomba apewe chai, akapewa. Alisifu mapapai. Alimwuliza mhandisi kwao ni wapi, akamwambia kwao kuna baridi nzuri. Chai ikafika nusu.

"Ila mguu, mwanangu," alisema Bi Zamoyoni, polepole. "Unanichoma mpaka naiuma shuka. Na usiku nawaza, nikifa sasa, nitakwenda nikiwa na deni la swala nilizoziswali nimelala. Najua Mungu anasamehe. Ila natamani kusujudu hata mara moja."

Tumsifu alilia mle chumbani bila kuficha. Aliporudi ofisini alifungua kumbukumbu za Mtunza-Njia, akasikiliza. Kisha alirudi Kichangani akawaambia alichokikuta. Walioanguka Tambarare walikuwa wengi. Walikuwa wanafunzi na wachuuzi, mjamzito mmoja, mzee aliyesikika akitapika. Wote walisalimiwa. Wote walijibu hawajambo. Sauti moja ilikuwa ya mtu ambaye baadaye alikufa, na hata yeye alisema salama.

"Ule ubao wa langoni," alisema Tumsifu, "umejengwa juu ya adabu zenu."

Aliuomba uongozi umruhusu kuifundisha mashine kusubiri. Walimkatalia. Mashine ikijifunza kusubiri, walimwambia, itabidi ifungue na mashauri ya zamani, na jiji haliwezi kuyafungua. Aliporudi kazini siku iliyofuata, kitambulisho chake hakikufungua mlango.

Masika yalikwisha. Mfupa ulikufa, kama daktari alivyosema. Bi Zamoyoni alilala ubavu mmoja wiki baada ya wiki, damu ikaganda mguuni, na asubuhi moja, Hadia akimsuka nywele, donge lile lilipanda mapafuni. Alisema, "Hadia, fungua dirisha." Dirisha lilikuwa wazi.

Wanawake aliowafundisha walimwosha. Wakati wa kuinua mkono wake, mmoja alimwambia, "Nakuinua mkono sasa, mwenzangu," kisha akashindwa kuendelea na mwingine akashika maji.

Wanaume walilibeba jeneza alasiri. Lilipokuwa likipita kona ya duka la Kombo, mmoja wa waliotangulia alijikwaa kwenye ukingo wa kigae kilekile, goti lake likagonga kigae cha jirani. Jeneza liliyumba. Mabega yakalishika.

"Shikamooni, wazee," ilisema sauti ya kijana kutoka ardhini. "Hamjambo?"

Kombo alikuwa chini ya jeneza. Kinywa chake kilifunguka chenyewe, kwa mazoea ya maisha yake yote. Alikifunga, akauma mdomo. Hakuna aliyejibu. Unajua ugumu wake? Watu wale hawakuwahi kunyima salamu hata adui. Tumsifu, aliyekuwa nyuma ya jeneza, aliziba masikio.

"Hamjambo?" iliuliza Njia tena, kwa upole uleule.

Wanawake walikuwa wamesimama milangoni. Hadia alitoka mpaka ukingoni mwa njia, mtandio umemwanguka mabegani.

"Ila mama yetu amekufa!" alipaza sauti.

Taa ya kijani haikuwaka. Njia ilifikiri.

"Samahani, sijaelewa jibu. Hamjambo?"

Na walipoondoka na jeneza ikaendelea kuuliza nyuma yao, mpaka wakakata kona.

Kigae kile bado kipo. Ubao wa langoni bado unasema hakuna. Na wewe uliyekuwa pale alasiri ile, ukatazama chini, jana umepita tena Kichangani na mguu wako umepanda juu wenyewe, kama yule mbuzi aliyesemwa na Kombo.

Basi leo usiruke. Mchukue jirani yako, maana injini yake haiwawezi wawili, mkasimame juu ya kigae kile. Pigeni kishindo kwenye kigae cha pembeni mpaka Njia iwajulie hali. Itawaamkia vizuri, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa. Msiitikie. Anzeni na ila. Semeni ila Bi Zamoyoni, halafu mtaje na wa kwenu aliyeanguka akasema hajambo. Ikisema haijaelewa, rudieni. Wakija askari wa jiji kuuliza mnafanya nini hapo, waambieni mnasubiri, jambo ambalo mashine yao haijui.

Usingoje rufaa wala masika mengine. Viatu vyako viko mlangoni. Vivae sasa hivi.